Sentimita nane

Nilikwenda hospitali kwa ajili ya mkojo. Kila nusu saa chooni, na chini ya tumbo upande wa kulia palikuwa na uzito usioeleweka. Nikajiambia ni maambukizi ya njia ya mkojo. Mkojo ukatoka safi, nikapelekwa ultrasaundi. Mpimaji alikuwa akinipigisha soga vizuri tu, ghafla akanyamaza. Kimya kile nakikumbuka kuliko maumivu yenyewe.

Karatasi ilisema: uvimbe kwenye ovari ya kulia, sentimita 8.

Daktari wa kwanza hakuwa na maneno mengi. "Huu mkubwa. Tunautoa pamoja na ovari yake." Akaniandikia na kipimo cha damu cha CA-125, kile cha kutafuta dalili za saratani ya ovari. Nilikuwa na miaka 31, sijazaa, na jibu langu lilikuwa, "Sawa, daktari." Maswali yalinijia nikiwa nimeshafika nyumbani, kama kawaida yangu.

Kipimo kikarudi kimepanda kidogo. Usiku ule nilijizika mara tatu. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba CA-125 hupandishwa pia na hedhi, na uvimbe wa kawaida wa kizazi, na endometriosisi, yaani tishu kama za utando wa kizazi kuota nje yake. Mimi damu niliitoa siku ya pili ya hedhi. Sikuulizwa, nami sikujua kama ni la kusema.

Dada yangu ndiye aliyenizindua: "Tafuta mwingine akuangalie. Kikishatolewa hakirudishwi." Nikaenda kuomba picha zenyewe, siyo karatasi ya majibu peke yake.

Bingwa wa pili wa magonjwa ya wanawake hakuanza na ukubwa. Aliuliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini, kama nashiba upesi au tumbo linajaa, kama mama, dada au shangazi amewahi kuugua saratani ya titi au ya ovari. Akataka ultrasaundi nyingine, ya kupitia ukeni, siku chache baada ya hedhi, kwa kuwa vipo vivimbe vya maji vinavyokuja na mzunguko na kujiondokea. Kipimo chenyewe kinatia aibu kidogo, kisha kinaisha.

Akanigeuzia kioo mimi na mama. Alichokuwa akitafuta ni kilichomo ndani: ni maji matupu, au kuna kuta, nyama ngumu, vinundu, damu inayopita humo? Wangu ulikuwa na mafuta na vitu kama nyuzi. "Hizi ni nywele," akasema. Dermoidi. Huanzia kwenye seli za mayai, zile zenye uwezo wa kutengeneza ngozi, nywele, hata meno, na kwa sehemu kubwa si saratani. "Meno?" mama akauliza, akasogeza kiti nyuma. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya karatasi.

Ndipo nikauliza nililopaswa kuuliza mwanzo. "Unaweza kutoa uvimbe ukaiacha ovari?"

"Kwa umri wako na picha hii, ndilo nitakalojaribu. Nikikuta damu haikatiki, au kitu nisichokipenda, nitaitoa. Bora tukubaliane sasa ungali macho." Tukayaandika hayo kwenye fomu ya ridhaa.

Nikamwuliza kwa nini asivute kwa sindano, tukaepuka kisu. Akasema uvimbe wa namna hii hautobolewi ovyo: mafuta yake yakimwagika huunguza tumbo, na kama kuna seli mbaya, umezisambaza mwenyewe. Akanionya pia juu ya maumivu makali ya ghafla yenye kutapika. Hapo ovari imejisokota na kujinyima damu, na hakuna kusubiri miadi. Wiki tano nililala na begi mlangoni.

Nilifanyiwa upasuaji wa matundu madogo. Ovari ilibaki. Majibu ya patholojia yalisema dermoidi, hakuna saratani.

Daktari wa kwanza sina kinyongo naye sana. Kwa mama aliyekwisha kukoma hedhi huenda shauri lake lingekuwa la busara. Kinachoniuma ni ile "sawa, daktari" yangu.

Narudi kupimwa mwezi ujao, kwani dermoidi inaweza kuota tena, hata ovari ya pili. Maswali yako kwenye simu. Na safari hii nimehesabu siku za hedhi kabla ya kuomba miadi.