Sakafu ya moto kwa chumba kimoja, Kabale

Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi hufika nyuzi 10 hivi. Wengi huku huingiza sigiri ya makaa chumbani. Mama mkwe wangu alipohamia kwetu kutoka Arua, kwenye joto, sigiri niliikataa: kaboni monoksaidi haina harufu, na aliyelala haamki kujua imemfikia. Chumba chake kilikuwa bado hakijamwagwa sakafu, nikaona nipitishe mabomba ya maji moto chini yake.

Kabla ya kuchora bomba lolote nilipiga hesabu ya tangi. Hita yetu ya jua ina lita 300. Maji hayo yakipoa kutoka nyuzi 60 hadi 30, yanatoa joto la yuniti 10 hivi za umeme. Sakafu ikizidi hewa ya chumba kwa nyuzi sita, kila mita ya mraba inatoa wati 65 hivi. Chumba cha mama ni mita 3 kwa 4, basi kwa saa kumi kinakula karibu yuniti 8, na kinachobaki ni cha kuogea. Mke wangu alitaka na sebule. Nilimpa karatasi aisome, akacheka, sebule ikaachwa na baridi yake.

Jua nalo limetusaidia, maana baridi kali huja wakati wa kiangazi, mchana mbingu zikiwa wazi.

Mpango wenyewe niliuchora kwa chaki juu ya zege la chini. Bomba ni la PEX, aina ya plastiki inayostahimili maji moto, milimita 16, nafasi ya sentimita 15 kati ya mstari na mstari. Hapo kila mita ya mraba inataka karibu mita 7 za bomba. Mzunguko mmoja usizidi mita 100, la sivyo pampu itahangaika. Nililizungusha kama gamba la konokono, maji yanayoingia yakipita kando ya yanayorudi. Ukilipeleka huku na huku tu, upande wa mwisho unabaki baridi. Chini ya kabati la ukutani sikupitisha kitu, na mlangoni nikaweka alama ili asije mtu kutoboa kufunga kizuizi.

Fundi aliona roli la bomba linakaribia kwisha.

"Mzee, si tuunge kipande hapa katikati?"

"Chini ya sakafu hatuungi, mwanangu. Leta roli refu."

Chini kabisa tulilaza polistirini, lile povu gumu la kuzuia joto, ya sentimita 5, na vipande vyake kuzunguka kuta, kwa sababu bila hiyo unapasha udongo. Juu yake nailoni, kisha waya wa BRC, yaani wavu wa chuma, wa kufungia bomba. Tulijaza maji kwa shinikizo la baa 6 na kuliacha hivyo wakati saruji inamwagwa, ili bomba likitoboka mshale wa geji ushuke hapo hapo. Halafu wiki tatu za kusubiri, bila maji moto hata kidogo, saruji isipasuke. Valvu ya kuchanganyia maji moto na yaliyopoa tuliiweka kwenye nyuzi 40. Uso wa sakafu haupaswi kuzidi 29.

Pampu inawashwa saa kumi na moja jioni, kwani saruji haishiki joto upesi. Zulia nene la mama lilizuia joto, tukalihamishia sebuleni. Hilo ndilo analolalamikia mpaka leo.