Waje na bamvua

Juzi usiku nilipigiwa simu na mwalimu mmoja wa Uingereza. Anataka kuleta wanafunzi 18 mwezi wa Julai, wakae siku 10 ghubani kwetu: wapande mikoko, wapake rangi madarasa ya shule ya msingi, wajifunze uongozi. Nikamuuliza, "Hizo tarehe mmezipataje?" Akasema ndizo siku tiketi za ndege zina nafuu. Nikamwomba anipe siku mbili nitazame mwezi.

Najibu hapa badala ya kumjibu yeye peke yake, kwa sababu walimu kama yeye ni wengi, na sisi tunaowapokea huku Kwale, pwani ya Kenya, tunazidi pia. Mimi na akina mama wenzangu wa kitalu cha mikoko tumewapokea wanafunzi wa ng'ambo miaka 11 sasa.

Kwa nini mwezi? Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya kwetu hukupwa kwenye saa nne asubuhi, matope yakabaki wazi ukafanya kazi kwa nafasi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka. Saa nne hiyo hiyo maji yamejaa, na hata yakitoka hayaendi mbali. Tena kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mvuvi yeyote hapa anayajua haya bila kuangalia popote, ila ratiba iliyochapwa ng'ambo haiyajui.

Kikundi cha kwanza nilichopokea, karatasi yao ilisema saa tatu asubuhi ni kupanda miti. Ilikuwa mwezi saba, maji mafu kabisa. Tulisimama ufukweni na magunia ya mbegu, maji yako kifuani. Alasiri yaliposogea kidogo tukapanda pale palipofikika, ukingo wa nje unaotazama bahari. Mbegu 600 za mkoko, siku moja. Watoto walijituma, wallahi, matope mpaka kwenye nyusi, wakaimba. Picha zikapigwa.

Ukingo ule ni wa mlilana, aina nyingine ya mti wa msitu huu wa mikoko. Mlilana ndio unaostahimili wimbi la mbele. Mkoko hukaa nyuma yake, kisha mkandaa, na mchu huko juu kwenye chumvi. Halafu Julai ni kusi. Mche uliochomekwa jana kwenye matope laini, kusi likivuma siku tano mfululizo, utashika nini? Mwezi uliofuata nilihesabu iliyosimama: 41. Mwaka ulipogeuka haukuwepo hata mmoja.

Kinachoniuma ni kwamba nilijua. Nilijua siku ile ile, nikanyamaza, kwa kuwa ni wageni, wametoka mbali, wametuletea madawati, na mwalimu wao alikuwa na haraka ya kupata shughuli ya siku hiyo. Kwetu mgeni hakosolewi mbele za watu. Lakini wale watoto walikuwa wameuza keki mwaka mzima kuchanga nauli, wakaenda kwao wakiamini wameacha msitu. Walistahili kuambiwa ukweli.

Baadaye alikuja kijana mmoja wa ng'ambo, nadhani miaka 16. Katika safari zao kila siku mwanafunzi mmoja huwa kiongozi wa siku: ndiye anayeamsha wenzake, anashika pesa za chakula, anaamua watoke saa ngapi. Siku hiyo ilikuwa zamu yake. Karatasi ilisema wapande miche 300. Alifika kitaluni mapema, peke yake, akaniuliza kwa Kiswahili cha kujifunza, "Mama, leo wewe unataka kazi gani?"

Miaka yote ile sikuwahi kuulizwa hivyo. Nikamwambia ukweli: sitaki kupanda, nataka kuhesabu. Tuna mistari ya mikoko ya miaka mitatu, hatujui ipi imeshika na ipi imekufa, na sisi akina mama hatuna mikono ya kutosha. Aliikunja ratiba akaitia mfukoni, akaenda kuzungumza na mwalimu wake. Walirudi na kamba, futi na daftari.

Tuliwagawa wawili wawili, mmoja wao na mmoja wa kidato cha pili wa hapa kijijini. Nakumbuka msichana wa kwetu akimfundisha mwenzake kujua mbegu ya mkoko iliyokomaa. Aliishika ile mbegu ndefu ya kijani, akamwonyesha pete ya manjano pale inapoungana na tunda. Pete ikitokea, mbegu iko tayari. Isipotokea, iache mtini. Kisha akamwonyesha kuichomeka theluthi yake tu, ncha chini, bila kuisukuma kwa nguvu ikakwaruzika. Yule mgeni alirudia mara nne mpaka akasifiwa. Siku tatu walihesabu, wakapima urefu, wakaandika. Daftari lile ndilo lililotuonyesha kwamba mistari ya karibu na mkondo inashika na ya upande wa kusini haishiki, nasi tukaacha kupoteza mbegu kule.

Wenzetu wa Gazi, hapa hapa Kwale, wanaelewa faida ya kuhesabu. Mradi wao wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, umeuza hewa ukaa, yaani hulipwa kwa kaboni ambayo miti yao inaihifadhi, kwa hekta 117 za msitu, na fedha zimeingia kwenye maji ya bomba na shule. Mnunuzi wa hewa ukaa hakupi shilingi kwa picha ya watoto wenye matope. Anataka kujua miti mingapi imesimama, na minene kiasi gani.

Kuhusu kupaka rangi madarasa, mwalimu, naomba muiache. Kijijini tuna mafundi wa rangi wawili, wote wana watoto. Leteni pesa ya rangi, wao wapake.

Basi jibu langu ni hili. Nimeutazama mwezi. Tarehe zenu zinaanzia katikati ya maji mafu, lakini mkisogeza safari siku nne mbele, bamvua litawakuta hapa. Mbegu msinunue. Kila mwanafunzi aje na futi na viatu vya kufunga vizuri, vya mpira vya kuvaa bafuni vitabaki matopeni. Nafasi 18 za kwenu, nami nitatafuta 18 wa kwetu, na kiongozi wa siku wawe wawili, mmoja wa kila upande. Daftari tutaandika nakala mbili. Yenu muisome mtakaporudi. Yetu itakaa kitaluni, na kila Januari nitawatumia hesabu mpya ya mistari yenu, hata kama ni mbaya.

Tiketi zikishindikana kusogezwa, nijulishe mapema. Siku nne za mwanzo tutakuwa kitaluni kujaza vifuko vya miche ya mchu, kazi ambayo haisubiri maji.