Matofali ya Babeli na mafuvu ya Old Moshi

Juzi kwenye grupu la WhatsApp la ukoo niliposti picha za jumba la makumbusho la Khartoum, zile zilizotoka Machi 2025 baada ya jeshi la serikali kuurudisha mji mikononi mwake, makabati ya vioo yamevunjwa, stoo zimekombwa, yamebaki yale masanamu makubwa ya mawe ambayo mtu hawezi kuyabeba mgongoni. Muda si muda mdogo wangu akajibu, "Dada, watu wanakufa njaa huko Sudani we unalilia masanamu?" Baba mdogo naye akaweka dole gumba. Nikaanza kuandika jibu pale pale, likawa refu mpaka nikaona hapana, hili nilete huku nilimalize.

Swali lenyewe ni la haki kabisa. Uhai unatangulia, hakuna wa kubishana hapo. Ila mimi sijaona vita hata moja ambayo waliwaacha watu salama wakaharibu vitu tu, vinaenda pamoja na saa nyingine kwa mkono ule ule. Palmyra kule Siria kulikuwa na mzee anaitwa Khaled al-Asaad, umri umepita miaka 80, ametumia maisha yake kuchimba na kuyatunza magofu ya mji ule. Wapiganaji wa kundi la ISIS walipouteka mji 2015 wakamkamata, na inasemekana walimtesa awaonyeshe vitu vya thamani vimefichwa wapi na mzee hakusema kitu. Agosti 2015 wakamkata kichwa hadharani, na mwezi huo huo wakalipua hekalu la Baalshamin na hekalu la Bel, majengo yaliyosimama karibu miaka 2,000. Sasa hapo utatenganishaje mzee na mawe yake?

Lakini wale wa ISIS kila mtu anawalaani, hiyo kesi ni nyepesi. Mimi kinachoniuma zaidi ni uharibifu wa wale ambao hawana chuki yoyote, jeshi linaloingia tu nchi ya watu, linatafuta pa kupiga kambi, na pale panapofaa kwa kambi ndo pana kaburi la historia ya watu.

Babeli. Sisi tuliokulia sande skuli za Kilutheri huku Kilimanjaro Babeli tunaijua kabla hatujajua Iraki iko upande gani wa ramani, ndo kwa mfalme Nebukadneza, kwa Danieli na wenzake. Basi mji ule upo, kuta zake zipo, kusini mwa Baghdad. Aprili 2003 Wamarekani walipoingia Iraki wakaweka kambi mle mle ndani, ikaitwa Camp Alpha, baadaye wakakabidhi kikosi cha mataifa kilichoongozwa na Wapolandi, na walikaa mpaka mwisho wa 2004. Mwanzoni maelezo yalikuwa wanazuia waporaji, na kwa kweli waporaji walikuwepo, hilo niliseme. Na niseme pia kwamba kabla yao Saddam Hussein naye alishaharibu, alijenga kuta mpya juu ya misingi ya Nebukadneza akapiga jina lake kwenye matofali na ikulu yake akaiweka pembeni hapo. Kwa hiyo palikuwa pameumia tayari.

Sasa Desemba 2004 mtaalamu wa British Museum anaitwa John Curtis akaenda kukagua. Alichokuta ndo kinachonifanya niandike. Njia ya maandamano ya kale, imetandikwa matofali ya miaka 2,600, imepitiwa na magari mazito ya jeshi matofali yamepasuka. Kwenye Lango la Ishtar, lango la mji ule wa kale, ile sehemu ya chini iliyobaki pale pale Babeli, kuna wanyama wamechongwa kwa matofali yaliyofinyangwa, mnyama mwenye kichwa cha nyoka, miguu ya mbele ya simba na ya nyuma ya ndege mwenye makucha, mkia umeinuka juu, na mtu alijaribu kuyang'oa yale matofali moja moja, tisa kati ya wale wanyama wakakutwa wameharibiwa. Eneo la kutua helikopta limesawazishwa. Mahandaki yamechimbwa kupita kwenye tabaka za kale, na kwenye vifusi vilivyotolewa humo kulikuwa na vipande vya matofali yenye maandishi ya Nebukadneza vimezagaa.

Halafu kuna hili ambalo watu wengi wanalipita haraka. Askari akijaza mfuko wa mchanga wa kujikinga na risasi anachota udongo ulio karibu, na udongo wa Babeli umejaa vigae na mifupa ya kale. Wakajaza mifuko na makontena kwa udongo huo, baadaye walipokatazwa wakaleta udongo na kokoto kutoka sehemu nyingine, wakamwaga juu ya ule wa kwanza. Mtu anaweza akasema hivyo si vipande tu vya vyungu. Lakini mwanaakiolojia hasomi kigae peke yake, anasoma kigae kimelala tabaka gani, juu ya nini, chini ya nini, kando ya nani. Ni kama daftari la kikoba, ukilichana kurasa ukazichanganya na kurasa za kikoba cha mtaa wa pili hela hazijaibiwa hata shilingi, lakini nani anamdai nani hutajua tena. Udongo ule haurudishwi. Sanamu lililoibwa linaweza likakamatwa uwanja wa ndege, tabaka lililochanganywa hakuna polisi wa kulikamata.

Na mwanzoni mwa vita hiyo, Aprili 2003, Baghdad ikatokea ile ya makumbusho ya taifa. Kati ya tarehe 10 na 12 watu waliingia wakachukua vitu kama 15,000, na vifaru vya Wamarekani havikuwa mbali, wafanyakazi wakaomba walindwe, ulinzi ukaja siku kadhaa baadaye. Wizara ya Mafuta ililindwa toka mwanzo. Hiyo sentensi nimeisoma mara nyingi na kila nikiisoma nanyamaza kwanza. Vilivyoondoka kwa wingi ni mihuri, vijiwe vya duara virefu kama kipande cha kidole, vimechongwa picha kuzunguka, ukikiviringisha kwenye udongo mbichi kinaacha picha nzima, mfalme, mbuzi, mungu wao amekaa kwenye kiti. Karibu 5,000 ya hiyo iliondoka stoo, mtu mmoja anatoka na mamia kwenye begi la mgongoni. Afadhali kidogo ni kwamba kabla ya vita wafanyakazi wa pale walihamisha vitu zaidi ya 8,000 kwenye maficho, siri ikajulikana na watu watano tu walioapa kwa Korani, na hawakusema mpaka walipoona ni salama. Watu watano! Hakuna jeshi lililofanya kazi kubwa kuliko hao.

Na sheria ilikuwepo, usiseme labda hawakujua. Mkataba wa Hague wa 1954 unasema anayekalia nchi ya watu kwa nguvu anawajibika kushirikiana na wenyeji kulinda urithi wao. Tanzania tulijiunga 1971. Marekani waliusaini zamani lakini wakauridhia 2009, Uingereza 2017, wote baada ya Iraki.

Sasa narudi nyumbani, na mdogo wangu hapa naomba usome taratibu.

Nimesema Lango la Ishtar sehemu ya chini ndo iko Babeli. Sehemu ya juu, ile ya bluu inayong'aa ambayo picha zake ziko kila mahali, iko Berlin. Wajerumani chini ya Robert Koldewey walianza kuchimba Babeli 1899, kwa kibali cha Dola ya Uthmaniya iliyotawala pale wakati huo, wakabeba vipande makreti kwa makreti, lango likaunganishwa upya kwenye Makumbusho ya Pergamon na kufunguliwa 1930.

1899 Wajerumani wanachimba Babeli. Na huku kwetu? Machi 2, 1900 Kapteni Johannes, mkuu wa kituo chao cha Moshi, akamnyonga Mangi Meli, yaani chifu Meli, huko Old Moshi pamoja na wenzake 18, wakuu na mashujaa wa Wachagga, Wameru na Waarusha, kwa tuhuma kwamba wanapanga kuwapiga Wajerumani. Huyu ndo Meli ambaye vijana wake 1892 waliwashinda Wajerumani na kamanda wao von Bülow akafa, mpaka 1893 wakarudi na silaha nzito. Mti wa kunyongea unaonyeshwa mpaka leo pale Tsuduni, na sanamu ya kichwa chake imewekwa hapo 2019. Wazee wanasimulia kwamba kichwa chenyewe kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na familia imekitafuta miaka na miaka. Masimulizi hayo si ya kutunga, maana maofisa na madaktari wa kikoloni walikuwa wanakusanya mafuvu ya watu na kuyapeleka kwa Felix von Luschan wa makumbusho ya Berlin, yapimwe kwa ile sayansi yao ya kupanga watu kwa mbari.

Kwa asiye Mchagga labda nieleze, fuvu kwetu halikuwa mfupa tu. Koo nyingi zamani zilizika kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo nyumbani, baada ya muda wanafukua, wanachukua fuvu la mzee wanaliweka mahali pake penye mimea ya masale katikati ya migomba, hapo ndo watoto na wajukuu wanakwenda kumsemesha, kuomba mvua, kupatanisha ndugu waliogombana kwa mpaka. Ukilichukua lile fuvu umeua mtu na umevunja na hekalu la ukoo mzima siku hiyo hiyo. Kwa hiyo mdogo wangu unapouliza watu au masanamu, mimi nauliza fuvu la Mangi uliweke upande gani.

Mafuvu yale mwaka 2011 yalikabidhiwa kwa taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin, Stiftung Preußischer Kulturbesitz, ambayo ndo hiyo hiyo yenye Lango la Ishtar. Wakayatafiti zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki, 202 yakabainika yametoka Tanzania ya leo. Na Septemba 2023 wakatangaza kwamba vipimo vya DNA vimeoanisha mafuvu matatu na familia zilizo hai huku Kilimanjaro. La Mangi Meli halikuwemo. Lakini moja lilikuwa na jina limeandikwa, "Akida", mshauri mkubwa wa Mangi Meli, na DNA ikakubaliana na wa ukoo wake.

Matatu tu, na moja tu ndo lilikuwa limebaki na jina. Hayo mengine yana namba, au jina la mahali tu, au hayana hata hilo, na sasa unaelewa kwa nini nilikaa sana kwenye ule udongo wa Camp Alpha. Kinachopotea mara nyingi si kitu chenyewe, kitu kipo kabatini kimepigwa vumbi. Inapotea ile kamba inayokiunganisha na mahali na watu wake, na ikishakatika hata aliye tayari kurudisha hajui amrudishie nani.

Ndo maana nataka hapa hapa niombe. Kama ukoo wenu, uwe Old Moshi, Kibosho, Siha, Meru au Arusha, mna simulizi ya mzee aliyechukuliwa na Wajerumani miaka ile, andikeni. Jina lake, la baba yake, kihamba kilikuwa wapi, nani alizaliwa na nani mpaka kumfikia mzee aliye hai leo. Watafiti walipokuja kuchukua sampuli za mate walizipata kwa familia zilizokuwa na hiyo orodha vichwani mwao, na wenye hizo orodha wengi sasa wana miaka 80 na kuendelea. Baba mdogo, wewe uliyeweka dole gumba, ya kwetu unayo wewe. Jumamosi nakuja na simu imejaa chaji.