Kaseti Iliyobaki Ndani ya Redio

Mwaka 2007, kusi ikiwa imekaza, mtu mmoja aliniletea redio kaseti kubwa ya Sanyo kibandani kwangu Langoni, kichochoro kimoja tu kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu. Alisema inameza kanda. Nikamwandikia karatasi, akaahidi kurudi Ijumaa. Hakurudi Ijumaa ile, wala Ijumaa nyingine.

Nilipoifungua nikakuta kaseti bado imo, utepe umejisokota kwenye kigurudumu cha mpira. Niliutoa kwa kibanio, nikaurudisha ndani kwa kalamu ya Bic, nikizungusha polepole usije ukakunjika. Juu yake palibandikwa karatasi yenye maneno mawili kwa wino wa buluu: Bach, Casals. Sikumjua huyu wala yule.

Hapa lazima nieleze kazi yangu kidogo. Hewa ya Lamu ina chumvi, na chumvi haipatani na vyuma wala mpira. Ndani ya redio kaseti mna belti nyembamba inayotoka kwenye mota kwenda kwenye gurudumu zito, na gurudumu hilo ndilo linalovuta utepe. Utepe unatakiwa upite mbele ya hedi, kile kichwa kinachosoma sauti, kwa mwendo wa sentimita 4.76 kila sekunde, usizidi, usipungue. Belti ikilegea, mwendo unayumba. Ukijaribu redio kama hiyo kwa taarabu yenye dumbaki na matari, sikio linalipita kosa bila kulitambua. Lakini sauti moja ndefu ya uzi haifichi kitu. Ikiyumba, utaisikia inavyoyumba, kama mwanga wa kandili penye upepo.

Kaseti ile ilikuwa na chombo kimoja tu, kizito, kinachopigwa kwa upinde. Hakuna ngoma, hakuna mwimbaji. Nikaifanya kipimo changu. Kwa muda wa miezi minne hivi kila redio iliyopita mikononi mwangu ilipimwa kwa Bach, na muda wote huo nilikuwa nasikiliza mota.

Jirani yangu muuza halwa alikuja siku ya kwanza na uso wa wasiwasi. "Fundi, ni nani amefariki?" Alikuwa kijana Agosti 1978, Mzee Kenyatta alipofia Mombasa, na anakumbuka redio ilivyokatiza vipindi ikabaki kupiga vinanda vya huzuni. Tangu hapo, kwake yeye, nyuzi za Kizungu zisizo na mwimbaji ni tangazo la msiba. Sikumlaumu. Sisi tumelelewa na maneno. Wimbo kwetu ni shairi kwanza, na watu huulizana "kasema nini?" kabla ya kuulizana "kapiga vipi?"

Kisha siku moja baada ya alasiri umeme ukakatika kaseti ikiwa katikati ya mstari. Chombo kilikuwa kinapanda, ngazi juu ya ngazi, na kikanyamaza kabla ya kufika. Nikajikuta naumalizia ule mstari kwa mdomo. Niliumaliza sawasawa, mpaka pale unapotua, bisibisi ikiwa bado mkononi. Nilisimama kimya kwa muda. Miezi minne ile kitu kilikuwa kimeingia, nami sikukifungulia mlango.

Nikamwita ami yangu, ndugu mdogo wa marehemu baba. Amepiga fidla kwenye harusi kwa zaidi ya miaka 30, Lamu, Faza, hadi Malindi, na hakuna mtu ninayeliamini sikio lake zaidi. Akaketi kwenye benchi, nikampa kahawa, nikabonyeza. Alisikiliza mpaka kikombe kikapoa.

"Huyu yuko peke yake?"

"Peke yake, ami."

"Na huyo anayemjibu?"

Nikarudisha nyuma, tukasikiliza tena. Ni kweli, uzi wa chini unanena, wa juu unajibu, na wote wawili wanatoka kwenye mkono mmoja. Upinde ukishauacha uzi wa chini, sikio linaendelea kuushika, kwa hiyo wa juu unapoingia unawasikia wote. Wapigaji wa udi hufanya kitu cha jamaa moja na hiki, wanaugusa uzi mzito mara kwa mara ili nyumba isikose msingi. Ila sikuwahi kukisikia kimejengwa hivi, kuta na dari kwa uzi mmoja mmoja.

Halafu ami akasema, "Lakini mashine yako iko chini."

Nikamwambia haiwezekani, nimeipima. Akainuka akaenda nyumbani, akarudi na fidla imefungwa kwenye kanga ya shangazi. "Sikiliza mwanzo," akasema. "Nyuzi mbili za kwanza hakuzibonya. Uzi ulio wazi hulia peke yake, hauna ngozi ya kidole juu yake. Ndizo hizihizi zangu za chini, ila chombo chake ni kikubwa. Yangu jana nimeitia sawa kwa kinanda. Yako imeshuka."

Nyuma ya mota ya kaseti kuna tundu dogo, na ndani yake kiskurubu cha kurekebisha mwendo. Nikaingiza bisibisi nyembamba kuliko zote nilizonazo. Ami anavuta upinde kwenye uzi wa kwanza, mimi nageuza kiasi cha unywele, narudisha kaseti mwanzo, tunasikiliza, nageuza tena. Sauti mbili zilikuwa zinasukumana. Zikapunguza. Mara zikakaa, ya ami juu, ya Casals chini yake, kama mtoto anayetembea amemshika babake mkono. Ami akatikisa kichwa, akapiga zile tatu za mwanzo: uzi wazi, uzi wazi, kidole kimoja kwenye uzi wa tatu. Zilikuwemo kwenye fidla yake miaka yote ile ya harusi.

Baadaye, simu zilipokuja na intaneti, nilitafuta maneno yale mawili. Bach ni Johann Sebastian Bach, Mjerumani, aliyezaliwa 1685 na kufariki 1750. Aliandika mafungu sita ya namna hii kwa ajili ya chelo peke yake, ndicho kile chombo kizito cha upinde, karibu na mwaka 1720. Karatasi alizoandika kwa mkono wake zimepotea, na nakala maarufu iliyobaki ni ya mkewe, Anna Magdalena. Pablo Casals alikuwa Mkatalani. Mwaka 1890, akiwa na umri wa miaka 13, aliyakuta mafungu hayo katika duka la karatasi kuukuu za muziki, Barcelona. Alikaa nayo miaka 12 hivi akijifunza kabla ya kuthubutu kupiga fungu zima mbele ya watu, na akayarekodi kati ya 1936 na 1939, kwa lebo ya HMV.

Hapo kwenye HMV nilisimama. Hao ndio waliomrekodi Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alipovuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928. Kwangu hili si jambo dogo. Nilikuwa nimeuweka muziki huu mbali kabisa na kwetu, wa watu wa makoti na kumbi zenye mazulia, kumbe mashine zile zilikuwa zimemsikia Siti kabla ya kumsikia Casals akipiga mafungu haya.

Tangu siku hiyo sikuweza tena kusikiliza kitu kimoja tu. Nilianza na kilichokuwa karibu, udi. Zein l'Abdin, mpiga udi, ni mtoto wa Lamu, alizaliwa hapa 1939, na tulikuwa naye majumbani wakati wote. Nikaja kujua kwamba udi ulipita Andalusi ukaingia Ulaya, na kule wakauita luti, jina lenyewe likitoka kwenye Kiarabu, al-ud. Wakaufunga vikato shingoni, vya kuonyesha kidole pa kubonya, wakaacha risha ya kugongea nyuzi wakapiga kwa vidole. Nilipomsikia Mwingereza John Dowland, wa zama za Shakespeare, akilia kwa luti, nilihisi nimekutana na binamu aliyekulia ng'ambo. Lugha nyingine, sura ileile.

Kutoka hapo nikafika kwa Hamza el Din, Mnubi, aliyezaliwa 1929 katika kijiji kilichokuja kumezwa na maji ya bwawa la Aswan. Ana kipande kirefu cha udi kuhusu gurudumu la kuvutia maji, linazunguka na kuzunguka mpaka unapoteza hesabu. Mwaka 1992 Kronos Quartet, Wamarekani wanne wa fidla mbili, viola na chelo, walikitoa kwa nyuzi zao. Ninasikiliza zote mbili, moja baada ya nyingine, na ya udi ndiyo inayonishika zaidi, kwa sababu naisikia risha ikigonga ubao.

Muziki wa watu wengi ulinisumbua. Simfonia haitaki spika za kibandani. Pakiwa kimya husikii kitu ila punda na mikokoteni, ukiongeza sauti, ghafla tarumbeta zote zinakuangukia. Ilinibidi nisubiri usiku, nivae visikilizi. Na kilichonifungulia ni Beethoven, simfonia yake ya saba, sehemu ya pili. Ilipopigwa mara ya kwanza Vienna, 1813, watu walidai irudiwe palepale. Nami najua kwa nini. Inaanza kwa mdundo mmoja: ndefu, fupi mbili, ndefu mbili. Hauachi. Nyuzi zinaingia kundi baada ya kundi juu ya mdundo uleule, kama zefe ya Maulidi inapotokea mbali, unasikia matari kwanza, kisha watu, kisha mtaa mzima umejaa. Niliupiga mezani kwa vidole, na vidole vilikuwa vinaujua.

Niseme wazi: sifananishi kisomo cha Kurani na muziki. Kisomo ni kisomo. Adhana ikitoka nazima kila kitu, hata Beethoven. Lakini sikio langu lilifunzwa subira madrasani, kusikiliza sauti moja inavyopanda na kutua bila haraka, na subira hiyo ndiyo niliyokwenda nayo kwa Bach.

Opera bado sijaipenda, nimejaribu. Franco na TPOK Jazz nawapenda kuliko zamani, maana sasa nafuata kila gitaa linakokwenda. Juma Bhalo wa taarabu pia, na zile tuni zake za Kihindi ambazo watu huzibeza kuwa za kuazima. Pwani hii lini haikuazima? Binti yangu ana miaka 14 na ananiletea amapiano, muziki wa vijana wa Afrika Kusini, nami nasikiliza besi yake kwa makini, kwa sababu mtu aliyeipanga amefikiri.

Ami sasa hatoki sana, vidole vimekaza. Alhamisi nampelekea kahawa na simu. Ananiambia, "Niwekee yule wa peke yake," na kidole cha kwanza cha mkono wa kushoto kinajibonyeza gotini pale panapostahili.

Sanyo ile iko rafuni. Belti mpya, hedi nimeisafisha kwa spiriti, na kila miezi michache naiwasha robo saa ili mpira usigande. Karatasi yako bado imebandikwa nyuma. Ikiwa ni wewe uliyeileta na unasoma hapa, njoo uichukue, hudaiwi hata senti. Kaseti imo ndani, upande A, imerudishwa mwanzo.