Ramani ya baba mdogo

Jumamosi nimeendesha gari kutoka Arusha hadi Kolo, huko Kondoa, na kurudi, siku moja, kwa sababu ya ramani.

Ni ya baba mdogo, ya Afrika Mashariki nzima, imechakaa mpaka kwenye mikunjo imetoboka. Ndani yake kuna mstari mwekundu mnene unaoanzia Namanga, unapita Arusha, Babati, Kondoa, Dodoma na Iringa mpaka Tunduma, na pembeni yake pameandikwa A104. Upande wa Kenya namba hiyohiyo iliendelea Nairobi hadi Malaba, kabla wenzetu hawajapanga namba zao upya. Waingereza waliiita Great North Road, kipande cha ile njia waliyoiota ya kutoka Cape Town hadi Cairo. Ndiyo maana sisi watu wa Arusha tunapenda kuwaambia wageni kwamba Mnara wa Saa uko katikati kabisa ya safari hiyo. Nimewaambia wageni wengi. Sijawahi kupima.

Baba mdogo aliendesha malori njia hii miaka mingi. Nilimuuliza kama waliwahi kuita A104.

"Nani aite? Hiyo ni ya mwenye ramani. Ukiwa Arusha ni barabara ya Babati. Ukifika Babati ni barabara ya Kondoa. Ukigeuza, ni ya nyumbani."

Mtoto wa shangazi aliyeko Marekani aliwahi kututumia picha, amesimama kando ya kibao chenye namba 66. Barabara hiyo ilitoka Chicago hadi Santa Monica; ilipewa namba mwaka 1926, ikafutwa 1985 baada ya barabara kuu mpya kuipita kando miji yake midogo. Sasa watu wanapanda ndege kwenda kuitafuta namba iliyofutwa. Baba mdogo aliitazama picha muda mrefu, kisha akauliza gari lilikuwa limeharibika nini.

Basi tukaondoka alfajiri, masika yakiwa yanaishia. Kisongo ng'ombe walikuwa tayari barabarani. Makuyuni magari ya watalii hukata kulia kwenda Mto wa Mbu na Ngorongoro, na ghafla unabaki na mabasi, malori na bodaboda zenye magunia. Mimi hapo ndipo naipenda barabara hii.

Kushoto kuna mlima Lolkisale. Aprili 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wapanda farasi wa Afrika Kusini, chini ya Jenerali van Deventer, walipigana hapo na jeshi la Mjerumani, kisha wakaendelea kusini hadi Kondoa katikati ya mvua. Farasi waliwafia njiani kwa wingi mno, na waliofika walifika hoi. Mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akawashambulia palepale Kondoa, akashindwa kuwang'oa. Nikamsimulia baba mdogo yote hayo, nikiona fahari kidogo. Yeye alishika neno moja tu.

"Farasi? Kwenye tope lile? Lori lenyewe, Bedford, lilikuwa linazama."

Kwa Kuchinja tulipunguza mwendo, maana wanyama huvuka hapo kati ya Tarangire na Manyara. Tuliona pundamilia watatu na mavi ya tembo kwenye lami. Minjingu, kiwanda cha mbolea na vumbi lake jeupe. Magugu tukanunua mchele, kwa sababu mama mdogo alishasema tusirudi bila huo, na trafiki mwenye tochi alikuwa chini ya mti kama kawaida. Babati chai na chapati. Ziwa lilikuwa limetulia, viboko hawakujitokeza.

Baada ya Bonga ndipo baba mdogo alipoanza kukaa vizuri kwenye kiti. Kipande cha Babati hadi Dodoma, kilomita 251, kilizinduliwa kikiwa lami tupu Aprili 2018, na Rais Magufuli. Kabla ya hapo, mabasi ya Arusha kwenda Dodoma yalizungukia Singida kufuata lami, ingawa mstari mnene wa ramani ulipita huku. Kwa hiyo Kondoa nayo ilipitwa kando, kama miji ya 66, ila yenyewe haikufutiwa namba. Ilisubiri tu, na udongo wake.

Udongo huo ni habari nyingine. Ukipita Bereko ukaanza kushuka, unaona makorongo mekundu yamechimbika kama ukucha umepita. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lote lililoliwa na mmomonyoko. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, hata punda. Baba mdogo anasema wakati ule ulikuwa ukisimamisha lori husikii kengele hata moja, na kwamba kwa mtu aliyekulia kwenye ufugaji ukimya ule ulitisha kuliko usiku. Leo makorongo mengi yameota miti. Sikutegemea mahali palipoumia hivyo papendeze kiasi hiki, na bado sijui kama niliruhusiwa kufurahi.

Kolo tulilipa, tukapewa mwongozaji, nikapanda peke yangu kuona michoro ya miambani, iliyoingizwa Urithi wa Dunia mwaka 2006. Twiga na watu wembamba wa rangi nyekundu. Wenyeji bado hufanya matambiko huko juu. Baba mdogo alibaki kwenye gari. Magoti yake hayapandi mwamba.

Wakati wa kurudi akaniomba niendeshe polepole. Alikuwa anatafuta mahali alipolala siku tatu yeye na utingo wake, lori limezama mpaka ekseli, wakila mahindi ya mzigo wa tajiri. Wanakijiji waliwavuta kwa ng'ombe, kwa hiyo ilikuwa kabla ya 1979. Hayo mahesabu aliyafanya mwenyewe kwa vidole.

"Simama. Ni hapa."

Tukashuka. Akatazama mteremko, akatazama kona, akarudi garini. Mbele kidogo akanisimamisha tena. Palikuwa na mbuyu. Akakumbuka hapakuwa na mbuyu. Lami imenyoosha kona zile, imekata vilima, imejaza mabonde, na yeye alikuwa anapajua kwa kona.

Mara ya tatu hakushuka haraka. Alifungua mlango, akaweka mguu mmoja kwenye lami, akaipigapiga kwa kisigino.

"Ni hapa," akasema. "Piga picha."

Nikapiga. Nyuma yake hakuna kibao, hakuna namba, ni barabara nyeusi tu na bodaboda moja inapanda.