Nilivyopata nyumba Nairobi kwa kumuuliza muuza maji

Nairobi kila mtu ni bingwa wa kukutafutia nyumba, mpaka siku uitake kweli. Nilipopata uhamisho kutoka Mombasa kuja ofisi moja ya serikali Upper Hill, ushauri ulimiminika. Usikae mbali, foleni itakumaliza. Usikae karibu, kodi itakumaliza. Nenda Rongai, panda matatu ya 125, huko nyumba ni za bure. Na wote walimalizia na lile lile: tafuta mtandaoni, utachagua kama mtumba.

Rongai hakuna cha bure, tuliache hilo. La mtandaoni ndilo lililonichemsha damu.

Niliona picha ya nyumba Kilimani: vyumba viwili, sofa nyeupe, dirisha limejaa miti. Kodi ilikuwa ya chini kiasi cha kumfanya mtu aliyelelewa vizuri ashuku, lakini dalali kwenye simu alikuwa na sauti ya imamu. Ada ya kuonyeshwa, 1,000, hairudishwi. Nikatuma. Jumamosi nafika getini, nakuta umati: mume na mke na mtoto mgongoni, msichana wa chuo na mamake, vijana wawili wenye kompyuta, na wengine walioendelea kuwasili. Wote wameshatuma 1,000. Dalali akaja na miwani ya jua, asubuhi ya mawingu, akatupa pole: ile ya kwenye picha imechukuliwa jana jioni. Ila ipo nyingine inayofanana nayo kabisa.

Tukapanda ngazi kwa foleni. Ile inayofanana ilikuwa na dirisha linalotazama dirisha la jengo la pili, karibu kiasi kwamba ungempa jirani chumvi bila kunyoosha mkono. Mamake yule msichana akauliza kwa upole wa hatari, "Sasa mwanangu, zile picha zilikuwa za nini?" Dalali akajibu kwamba zilikuwa za mfano. Mfano! Nikasimama pale kwenye ngazi nikihesabu vichwa na kuzidisha kwa 1,000. Ndipo nikaelewa kwamba yule bwana hakuwa anapangisha nyumba. Alikuwa anauza kuiona. Nyumba ikipata mpangaji, duka lake limefungwa.

Kilimani yenyewe zamani ilikuwa ya nyumba za chini zenye bustani, moja kwa kila kiwanja. Sasa kiwanja kile kile kinabeba ghorofa zaidi ya kumi, na kila ghorofa ina watu wanaooga asubuhi saa ile ile. Huu mji ulipangwa, jamani. Mwaka 1948 wakoloni waliuchorea mpango mkuu, ukiwa na watu laki moja na kidogo. Sensa ya 2019 imehesabu watu zaidi ya milioni 4.3. Makao makuu ya serikali yalitolewa kwetu Mombasa mwaka 1905 yakaletwa huku, nami nimeyafuata zaidi ya karne baadaye na kukuta bado wanahangaika na maji.

Maji ndiyo yalinipa akili. Sisi Mombasa tumekua na mikokoteni ya maji. Maji ya chemchemi za Mzima yakikatika, mtaani anayejua siri za kila nyumba si imamu wala mwenyekiti, ni hamali wa madumu. Sasa Nairobi sehemu kubwa ya maji inatoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, na hugawiwa mitaa kwa ratiba. Mtaa mmoja, ratiba moja, lakini jengo hili lina tangi la maana na lile halina. Hilo hakuna bango linalokuandikia.

Nilichagua South B kwa sababu naweza kutembea kupitia Bunyala Road nivuke Uhuru Highway nipande Upper Hill, nikaachana kabisa na matatu asubuhi. Nikawa naenda jioni za siku za kazi, si Jumamosi. Jumamosi kila jengo limeoshwa, naye keyateka, yule msimamizi wa jengo, amechana nywele. Nilikuwa natembea shingo juu, natazama roshani. Roshani yenye dumu moja la njano, huyo ni mtu mwangalifu. Roshani zote zina madumu manne manne, ghorofa hadi ghorofa, huko usipoteze muda hata wa kuuliza kodi.

Halafu nikampata kijana wa mkokoteni, amepumzika chini ya mti, madumu yamejaa.

"Biashara iko, ndugu yangu?"

"Inasonga, bosi. Nikuletee ngapi?"

"Sijahamia bado. Naangalia lile jengo la kijani, lenye lifti."

Akacheka mpaka akakaa sawa. "Hapo ukihamia tutaonana kila siku."

Nikamnunulia soda. Kwa soda moja alinipa ripoti ambayo mpima majengo angenitoza mshahara. La kijani pampu yake hufa kila mara, na wakaaji wa juu ndio wateja wake wa damu. La vigae maji hupanda hadi ghorofa ya pili yakachoka. La kwenye kona lina kisima kirefu, lakini maji ni ya chumvi, watu huyaoga tu, ya chai wananunua kwake. Alizungumza kwa fahari ya mfanyabiashara anayekuonyesha daftari lake. Dalali anataka ada, mwenye nyumba anataka kodi, keyateka anataka chai, mama mboga hataki kumuudhi mteja. Huyu peke yake ndiye hakuwa na sababu ya kunidanganya.

"Na lile la mawe, lisilo na lifti?"

Uso ukabadilika. "La mzee? Achana nalo. Hapo sijawahi kuuza hata dumu moja."

Alilitaja kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa. Nikamshukuru, nikavuka barabara nikagonga geti la lile jengo la mawe.

Ni jengo la zamani, ghorofa nne, jiko dogo, rangi ya ukutani ya enzi za Moi. Mwenye nyumba ni mzee mstaafu na anaishi chini hapo hapo, kumbe ndiyo siri yenyewe: maji yakikatika, ya kwanza kukauka ni sufuria yake. Tangi moja liko ardhini na mengine juu ya paa, na pampu anaiwasha mwenyewe akitoka kuswali alfajiri.

Kodi, chumba kimoja cha kulala, 30,000 na kitu, na dipoziti ya mwezi mmoja. Kabla sijatoa hata shilingi niliomba namba ya mita ya umeme nikanunua tokeni ya 100 kwa namba ya malipo 888880. Watu hawafanyi hivi na sijui kwa nini. Mpangaji aliyetoka akiacha deni, linabaki kwenye mita, na wewe ukinunua yuniti zako linaanza kujilipa. Zangu zilikuja zote. Mzee alinitazama nikibonyeza zile tarakimu 20 akasema, "Wewe ni wa hesabu?" Nikamwambia ni wa Mombasa.

Mwenzangu mmoja kazini alinishauri nimtishe mzee kwa sheria ili ashushe kodi. Mwanasheria wa mdomo. Sheria ya kudhibiti kodi za makazi, Sura ya 296, inagusa nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi 2,500 kwa mwezi. Kwa bei hiyo South B utapangishwa kivuli. Badala ya vitisho nilimwendea mzee na halua ya kwetu na swali moja: nikihama, rangi ni ya nani? Kwa sababu Nairobi dipoziti nyingi huishia kwenye ndoo ya rangi. Tukaandika kwa kalamu chini ya mkataba kwamba nikikaa zaidi ya miaka miwili, rangi ni yake. Nikapiga picha kila ukuta, kila bomba, na ule ufa wa bafuni, nikamtumia kwenye simu siku ile ile naye akajibu "Nimeona". Neno hilo nimelihifadhi.

Miaka miwili imeshapita. Kodi imepanda mara moja, 2,000 hivi, kwa notisi ya barua aliyoipitisha chini ya mlango. Niliilipa. Nilinung'unika pia, lakini kwa sauti ya chini, maana mzee bado ndiye anayewasha pampu.