Maiki nne na kamba ya manila: vile tulirekodi dramu laivu kwa nyumba Umoja, Nairobi

Hii wimbo ya benga tumekuwa nayo kwa laptopu tangu mwezi wa tano, na kila nikiicheza kulikuwa na kitu inanikera na nashindwa kuitaja. Magitaa yako sawa, sauti iko sawa, besi iko poa kabisa. Dramu ndo zilikuwa za kompyuta. Sasa mwenye amesikiza benga vizuri anajua vile inaenda, mwimbaji anaanza na hadithi yake pole pole, alafu inafika mahali kuimba kunaisha na magitaa yanaachiliwa, hiyo sehemu wenyewe huita klaimaksi, na hapo bendi yote inasonga mbele kidogo bila mtu kuambiwa. Nilijaribu kuiambia kompyuta ipandishe tempo kutoka mapigo 128 kwa dakika hadi 133. Ilipandisha, lakini unaskia kabisa hakuna mtu anavuta. Binadamu akipiga, haihati, yale matoazi mawili ya kufungwa kwa mguu, ndo inaanza kuharakisha, kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, inaifuata, na mwenye besi anaskia hiyo kitu kwa kifua kabla hajaiskia kwa masikio.

Kwa hivyo nikasema tutarekodi dramu ya ukweli, na tutarekodia hapa hapa kwangu. Studio za kulipa kwa saa ziko, na ziko na vyumba vizuri kuliko changu, lakini dramu peke yake inaweza kula saa nzima ikipangwa na kutyuniwa kabla hujarekodi hata sekunde moja, na mimi nilitaka kukosea na kurudia mpaka nielewe.

Chumba ni futi 12 kwa 10. Ukuta wa mawe ya Ndarugo uliopigwa plasta, chini taili, juu slabu. Ukipiga makofi mara moja inakurudia trrrr kati ya ukuta na ukuta. Nikaenda Gikomba nikarudi na mablanketi mazito na mapazia ya mitumba, nikafunika ukuta wote kutoka juu mpaka chini, tukarekodi jaribio la kwanza na nikavunjika moyo kabisa, kwa sababu matoazi yalikuwa yamekufa na kiki bado inavuma kama tanki tupu.

Hapo ndo nilikaa chini nikapiga hesabu. Sauti inatembea karibu mita 343 kwa sekunde. Mlio wa kiki wa Hz 60, yaani mitetemo 60 kwa sekunde, una wimbi la urefu wa karibu mita tano na nusu au sita, sasa blanketi ya unene wa kidole itaisimamisha na nini? Blanketi inakula zile sauti nyembamba za juu tu, zile za chini zinapita kama hakuna kitu. Na chumba cha urefu wa kama mita 3.6 kinajivumia chenyewe pale karibu Hz 47, hiyo ni chumba kinaimba, si kiki. Nikatoa nusu ya mablanketi, nikabakisha ya ukuta wa nyuma ya dramu na zingine mbili za pembeni, nikasimamisha magodoro mawili kwa kona mbili kwa sababu sauti za chini hupenda kujaa kwa kona. Alafu tukahamisha dramu. Mpiga dramu wetu, kijana wa kanisani mwenye mkono msafi sana, alikuwa anapiga kiki moja, tunasukuma seti nzima mbele kama futi moja, anapiga tena, tunaskiza. Mara ya nne kiki ikafunga. Duf. Fupi na nzito. Nikachukua selotepu nikaweka alama kwa taili pale kila mguu unasimama. Usiweke dramu katikati kabisa ya chumba kidogo, kwangu hapo ndo kiki ilipotea na kuwa nyembamba.

Kutyuni nako kulichukua asubuhi nzima. Sneya, ile ngoma ndogo ya mlio mkavu, ilikuwa na ngozi ya zamani yenye shimo la kuzama katikati, na hiyo hakuna maiki itakusaidia, tukabadilisha. Unakaza skrubu kwa kuvuka, hii alafu ya upande wa pili, si kuzunguka kama unafunga sufuria, na unagonga na kijiti karibu na kila skrubu mpaka zote ziimbe noti moja. Ngozi ya chini pia ni hivyo, na watu wengi huisahau. Kwa kiki tuliweka mto mdogo ndani ukigusa tu ngozi ya nyuma, basi.

Sasa maiki. Nilikuwa na nne na saundikadi ya njia nne, kile kifaa cha kuingiza maiki kwa laptopu, na kwa miaka nilikuwa naamini hiyo ni umaskini, kwamba dramu inataka nane ama kumi. Kuna injinia wa Uingereza anaitwa Glyn Johns, ndiye alirekodi albamu ya kwanza ya Led Zeppelin iliyotoka 1969, na mpango wa maiki unaobeba jina lake unatumia chache hivi hivi: moja juu ya dramu kama mita moja kutoka sneya, ya pili upande wa tomu ya chini, ile ngoma kubwa inasimama sakafuni, ikiangalia sneya kupitia juu ya hiyo tomu, alafu moja ya kiki na moja ya sneya. Siri yote iko kwa zile mbili za kwanza, lazima ziwe umbali sawa kutoka katikati ya sneya. Si karibu sawa. Sawa.

Kwa nini? Tuseme moja iko sentimita 100 na nyingine 117. Hizo sentimita 17 ni nusu milisekunde ya kuchelewa, na ukichanganya hizo maiki mbili, mlio wa pale Hz 1,000 unakutana na mwenzake ukiwa umegeuka na zinauana. Mafundi huita hiyo fezi. Miaka yote nilikuwa naongeza na ikwolaiza, ile ya kupandisha na kushusha sauti za juu na za chini, kitu chenye maiki zangu zenyewe zilikuwa zinafuta, na hiyo iliniuma, juu kuna nyimbo za watu nilizichanganya hivyo.

Dawa ilikuwa kamba ya manila. Mpiga dramu alishika ncha moja katikati ya sneya, mimi nikavuta mpaka maiki ya juu, nikafunga fundo, nikazungusha hiyo kamba mpaka maiki ya pili nikaisogeza mpaka iguse fundo. Dakika mbili. Tukarekodi, nikaskiza kwa hedifoni, na sneya ikawa imekaa katikati na mwili wake wote, ile paa yenye mbao ndani. Niliitoa hedifoni nikampea yeye askize na hakusema kitu, alirudi tu kwa kiti akashika vijiti.

Maiki ya sneya ni Shure SM57, sentimita kama nne juu ya ngozi, ikiangalia katikati, na mgongo wake umeelekezwa haihati kwa sababu hiyo maiki haisikii vizuri nyuma yake. Ya kiki iliingia kwa shimo ikasimama katikati, ukiipeleka karibu na nyundo unapata tak nyingi, ukiivuta nje unapata mvumo. Geini, yaani nguvu ya kuingiza sauti, niliacha chini, vilele kwa -12 dB, kwa sababu mtu akijaribu maiki hapigi vile atapiga wimbo ukipamba moto. Na laptopu ilirekodi kwa betri, chaja nikaing'oa, ilikuwa inaleta mlio wa stima kwa rekodi yote.

Kuna kitu hakiandikwi kwa mafunzo ya studio na hapa Nairobi ndo cha kwanza: majirani. Kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira, ziko tangu 2009 na hazikupi ruhusa ati juu ni mchana. Nilipiga hodi nyumba moja baada ya nyingine. Mzee wa mlango unaofuata hulinda usiku huko Industrial Area, anafika saa moja asubuhi ndo anaanza kulala. Nikamwambia, "Mzee, tungetaka kupiga ngoma Jumamosi, tupige saa ngapi isikusumbue?" Akaniambia, "Kijana wangu, nikishaamka saa nane, piga. Lakini saa kumi na moja mwachie watoto wa mama wa juu wasome." Kwa hivyo tulikuwa na saa tatu, na hizo saa tatu zilitosha.

Hatukutumia klik, ule mlio wa kuhesabu mapigo kwa hedifoni. Gitaa na besi walicheza chumba cha pili na waya wa hedifoni ukipita chini ya mlango, na teki ya tatu, yaani mara ya tatu kurekodi, pale klaimaksi inaingia, haihati ilifunguka kidogo na nikaona kwa skrini besi imeifuata hapo hapo. Nilipima baadaye, walitoka 128 wakafika 135. Kwa kuchanganya nilifanya kidogo sana, nikageuza polariti ya kiki, yaani wimbi lake kichwa chini, kwa sababu sauti za chini zilijaa zaidi hivyo, kompresa nyepesi ya kusawazisha milio mikubwa na midogo, nikatoa ule mvumo wa Hz 47 uliobaki. Sikubandika mlio wowote wa kompyuta.

Jumamosi ijayo tunarudi kwa wimbo wa pili, huu una brashi badala ya vijiti, na nadhani maiki za juu zitataka kushuka kidogo. Selotepu bado iko kwa taili, na kamba nimeiacha imening'inia kwa stendi na fundo lake, ingawa hilo fundo labda litahama.